Sahani Zinarudi Tupu

Jumanne, 1 Julai

Tumerudi nyumbani. Binti aliendesha gari kama amebeba trei ya mayai. Kila tuta, pole mama, pole mama — mpaka mama mwenyewe akamwambia aache, tuta hakulijenga yeye.

Sasa mke wangu amelala, mito mitatu mgongoni. Mimi nipo jikoni, mezani. Sakafu inanuka dawa. Friji limejaa; binti amelijaza kama tunangojea wageni wa harusi.

Niandike aliyosema daktari wa upasuaji kabla hayajachanganyika. Ameutoa uvimbe, na zaidi ya nusu ya mfuko wa chakula umekwenda pamoja nao. Kilichobaki, alisema, akafumba ngumi yake, tukaitazama wote watatu. Kwa hiyo ale kidogo, mara nyingi. Mara sita kwa siku. Asinywe maji pamoja na chakula, maji yanakisukuma chini kabla ya wakati wake. Atafune mpaka kilainike. Akae wima baada ya kula.

Baada ya wiki tatu atapimwa uzito. Ametoka na kilo arobaini na nane. Asiposhuka, wanaanza dawa za mshipani, za kuua mabaki ya uvimbe ambayo kisu hakiyaoni. Akishuka, hawaanzi. Dawa zile ni kali, mwili usio na akiba hauzistahimili. Na zikicheleweshwa sana, alisema, faida yake inapungua. Hakusema inapungua mpaka wapi. Sikumuuliza.

Muuguzi wa mizani, mwanamke mcheshi, alinipandisha na mimi. Sitini na moja. Akasema, mzee, nyumba yenu ina wagonjwa wawili. Ni kweli suruali inashikiliwa na mkanda tu. Siku zile za hospitali nilikuwa nakula nini? Sikumbuki. Chai. Binti anasema mara moja nilikula mkate.

Nimeandika yote haya bila kufuta neno. Kama namtazama mtu mwingine akiandika.


Jumatano, 2 Julai

Ratiba. Saa moja asubuhi, saa nne, saa saba, saa kumi, saa moja jioni, saa tatu usiku. Binti ameiweka kwenye simu yangu na kuchagua mlio wa jogoo. Kila mlo, jogoo anawika. Mama alipomsikia mara ya tatu akasema, ningekuwa na nguvu ningemchinja huyu, awe mlo wa saba.

Tulicheka. Nilijisikia nikicheka. Sauti ilitoka mahali pake, tumbo halikutikisika.

Nimeamua tutakula pamoja, kila mara. Mgonjwa akiwekewa sahani mbele yake na watu wakasimama kumkodolea macho, chakula kinageuka mtihani. Akila na mwenzake, kinywa kinafuata kinywa. Shuleni nimewaona watoto wa bweni wakikataa chakula chumba cha wagonjwa na kukila wakirudi mezani kwa wenzao. Kwa hiyo nami napakua changu, kiasi kile kile, na tunakaa ubavu kwa ubavu kama siku zote: yeye upande wa dirisha, mimi kuliani kwake.

Saa nne: yai moja la kuchemsha na kipande cha mkate. Saa saba: viazi vilivyopondwa, samaki, mafuta kidogo juu. Saa kumi: mtindi na nusu ya parachichi. Kila kitu kidogo, na kila kidogo kiwe kizito. Hii ndiyo siri yenyewe. Sahani ndogo haina nafasi ya kupoteza. Ukiijaza mchuzi mwepesi umemjaza mgonjwa maji.

Sahani zote zilirudi tupu. Nimempigia binti kumwambia. Tupu kabisa? Tupu. Akapumua kwenye simu mpaka ikakoroma.


Ijumaa, 4 Julai

Jirani fundi cherehani aliniuliza ukutani. Mwalimu, kwani bora ni mara tatu au mara sita? Mke wangu ananiambia nikila usiku ninanenepa.

Miaka thelathini na tatu nimefundisha baiolojia na bado watu huuliza swali hili kutoka upande wa nyuma. Nilimweleza. Mwili hauhesabu sahani. Unahesabu kilichomo. Mtu mzima mwenye afya akila mara tatu au mara tano, jumla ikiwa ile ile na vyakula vile vile, tofauti ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachomponza mtu ni kushinda njaa mchana kutwa halafu usiku akailipiza kwenye sahani moja kama mlima. Au kuongeza vitafunio katikati halafu asipunguze milo mikubwa — akajiambia anakula kidogo kidogo, kumbe anakula kingi kingi mara nyingi. Mara ngapi ni swali la pili. La kwanza ni kiasi gani, na cha nini.

Akasema, sasa mbona mama anakula mara sita? Nikamwambia, kwake si suala la mara, ni suala la chombo. Ukitaka kuhamisha ndoo ya maji kwa kikombe, utakwenda safari nyingi. Ndoo ni ile ile.

Fundi akasema kumbe ni jambo rahisi. Nikamwambia ni rahisi kulisema.

Nilifurahia kueleza. Nadhani nilifurahia. Maneno yanakuja yenyewe, kama maji ya bomba lililosahauliwa wazi.


Jumapili, 6 Julai

Shemeji alikuja, mdogo wake mke wangu. Aliingia anaongea. Alipoona kisahani cha saa saba alishika kiuno.

Hiki ndicho chakula? Shemeji, umemfanya dada yangu kifaranga?

Nikamweleza habari ya ngumi. Akasema ngumi za madaktari tumeziona, mtu hula akashiba ndipo anapona, hata gari haliendi kwa vijiko vya mafuta. Nilitoka kwenda kununua mkate. Niliporudi alikuwa amempakulia sahani kamili, wali umefunika ukingo, na glasi ya juisi tamu juu yake. Mama alikuwa ameila robo kwa kumstahi.

Haikuchukua muda. Jasho. Moyo unakimbia — nilishika kifundo cha mkono, ukawa unakimbia kweli. Akasema dunia inazunguka. Shemeji akaanza kumwita Mungu na marehemu mama yao kwa zamu.

Nilimlaza kwa upande, nikafungua dirisha, nikawa namweleza shemeji huku nampepea dada yake. Mfuko mdogo hauwezi kuzuia. Chakula kingi, hasa kitamu na cha majimaji, kinaporomoka chote kwa pamoja kwenye utumbo. Utumbo unavuta maji kutoka kwenye damu ili ukizimue. Damu inapungua maji, moyo unahangaika. Kitapita. Shemeji akasema, wewe mwanamume, hata nyumba ikiungua utatueleza moto ni kitu gani.

Kilipita. Mama akalala. Shemeji aliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi, akaondoka bila kuaga sawasawa.

Nilikaa kitandani ukingoni. Nilitegemea hofu ije baadaye, kama inavyokuja kwa watu. Haikuja. Nikapika uji wa saa kumi.


Jumatano, 9 Julai

Siku zinafanana. Jogoo, jiko, meza, jogoo.

Tunakula hivi. Yeye anaanza, mimi naongea. Leo nilimweleza kwa nini mafuta yanachelewa kutoka tumboni kuliko wanga. Amelisikia hilo tangu tulipochumbiana. Anakula polepole, anatafuna, anatazama dirishani. Kisha anasukuma sahani upande wangu, upana wa vidole viwili, na mimi nasimama kuosha. Kila kitu tupu.

Zamani watoto waliniita Mfagio. Mama yao hakuwahi kumaliza chakula chake hata siku moja katika ndoa yetu. Alipakua, akala akatosheka, akasukuma sahani. Mfagio akapita. Binti aliwahi kuandika insha shuleni kuhusu baba yake, na jambo la kwanza alilolitaja ni hilo, kabla hata ya kazi yangu. Mwalimu mwenzangu aliisoma mbele ya walimu wote chumba cha mapumziko. Nilipata taabu muhula mzima.

Sasa anamaliza. Ngumi ile imemfundisha kumaliza.


Jumamosi, 12 Julai

Sisikii ladha. Nimeligundua leo kwa sababu binti, aliyekuja kututazama, alionja viazi akatema kwenye kiganja. Baba, hii chumvi! Mama akasema yeye hakutaka kuniambia. Nami nilikuwa nimekula zangu bila neno.

Binti akaniuliza kama nalala. Nalala. Kama nalia. Hapana. Akasema, ungelia kidogo, baba. Kama vile ni dawa ya kijiko.

Alipika yeye milo miwili. Alikula nasi wa saa saba na simu sikioni, kazini kwake wanamtafuta hata Jumamosi. Yeye ni mtu wa bima. Wa saa kumi hakukaa nasi mezani, alikuwa anafua mashuka ya mama yake. Kabla ya kuondoka alifungua pipa la taka akachungulia, akidhani simwoni. Hakuna chakula kilichotupwa. Akafunika.


Jumatatu, 14 Julai

Nimelegeza mkanda matundu mawili. Sababu ni kukaa ndani. Zamani nilikuwa natembea kwenda kuchukua gazeti.


Alhamisi, 17 Julai

Shemeji amerudi, safari hii na heshima na karanga za kusagwa kwenye chupa. Aliuliza kwanza: kijiko kimoja au viwili? Nikamwambia kimoja, na nikamsifu, kwa sababu karanga ni kitu kidogo chenye uzito, ndicho hasa tunachokitaka.

Lakini ulimi wake haujatolewa na daktari. Alitutazama tukiwa tumekaa pamoja, akasema, shemeji unanawiri wewe, mashavu yamerudi. Dada ndiye anakauka. Au mmebadilishana mgonjwa?

Mama akacheka mpaka akashika kidonda. Mimi nikaeleza kwamba baada ya upasuaji mwili hutumia chakula kuziba kidonda kwanza, uzito huonekana baadaye. Ni kweli pia. Kila nilichosema ni kweli.

Gauni lake la bluu linaning'inia mabegani kama limetundikwa msumarini. Nililiona. Nikaliweka kwenye akili pamoja na mengine.


Jumatatu, 21 Julai

Kesho kliniki. Mama ameomba nimkate kucha. Nimezikata. Anauliza kama watampa dawa zile. Nimemwambia sahani zote zimerudi tupu, hesabu ni hesabu. Akavitazama vidole. Akasema, na wewe umekula vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, hilo ndilo la maana.

Nilidhani anabadilisha mazungumzo.


Jumanne, 22 Julai

Arobaini na tano.

Muuguzi alimshusha, akagusa mizani, akampandisha tena. Arobaini na tano.

Daktari alinitazama mimi, si yeye. Anakula? Nikamwambia anakula. Kiasi gani? Nikamtajia kila mlo, gramu kwa kukadiria, protini, mafuta. Alisikiliza mpaka mwisho. Si madaktari wengi wanaofanya hivyo. Akasema kwa chakula hicho hapaswi kushuka kilo tatu. Kwa hiyo ama utumbo haukipokei, ama kuna jambo lingine ndani. Hakulitaja jambo lingine. Atapigwa picha kwa kamera, waingize mrija wenye taa kooni, Jumatatu ijayo. Dawa za mshipani zinasubiri. Atapimwa tena tarehe tano Agosti; akiwa bado anashuka, watazungumzia kumlisha kwa mrija wa puani. Mama alikuwa anafunga vifungo vya sweta. Alivifunga vyote, kisha akavifungua, alikuwa ameruka kimoja.

Wakati tunangoja karatasi ya kamera, muuguzi yule mcheshi akaniambia, na wewe mzee panda, mizani haitozi. Nadhani alitaka kutuchangamsha. Nikapanda.

Sitini na tano.

Akasema, ee, kumbe mara sita inafanya kazi! Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akamtazama mke wangu, akanitazama mimi. Mama akainamisha kichwa akitafuta kitu mkobani.

Tulirudi kwa teksi. Sikufikiri chochote. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: sikufikiri chochote. Nilihesabu vibanda vya bomba la maji njia nzima.


Jumatano, 23 Julai

Leo saa nne nimeuona mkono wangu.

Yai moja la kuchemsha, limekatwa mara mbili. Mkate, umepakwa karanga. Sahani yake, sahani yangu. Nilikuwa naeleza kuhusu kamera, jinsi inavyopita, kwamba haiumi kama watu wanavyosema. Mama alikula nusu ya yai. Akaung'ata mkate pembeni, kipande kama ukucha. Akasukuma sahani, vidole viwili.

Mkono wangu wa kushoto ukaenda. Haukuniuliza. Uliivuta sahani, wa kulia ukachukua nusu ya yai ukaitia mdomoni, na mdomo ukaendelea kueleza habari ya kamera. Nilikuwa nimekwisha kumeza ndipo nikaona. Kwenye vidole vya kushoto palikuwa na karanga. Mkate wangu niliula kabla. Karanga zile zilikuwa zake.

Nikanyamaza katikati ya sentensi.

Mama akasema, endelea, Mwalimu, wanaingiza taa.

Sikuendelea. Nikasimama, nikaosha sahani mbili. Tupu. Zilikuwa tupu kweli, zote mbili. Hakuna aliyedanganya. Binti aliuliza sahani, mimi nikajibu sahani. Nimesimama ukutani kwa jirani nikimhubiria fundi kwamba mwili hauhesabu sahani.

Saa saba nilinyamaza makusudi, nikauangalia mkono. Uliinuka tena. Nikaukalia, kama mtoto mtundu darasani. Samaki akabaki. Mama alimtazama samaki, akanitazama mimi, akasema, huli?


Alhamisi, 24 Julai

Nimezungumza naye. Nilipanga kueleza, nikajikuta nauliza.

Ulikuwa unajua?

Akasema, ninajua nini?

Kwamba nakula chako.

Alicheka kidogo. Mwalimu, umekula changu miaka arobaini na moja. Leo ndiyo unaniuliza?

Nikamwambia kuhusu kilo tatu. Kuhusu dawa. Nilisema neno mrija. Alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani, kama mzazi aliyeitwa shuleni. Akasema mwanzoni hakupanga. Alishiba, akasukuma, kama kawaida. Siku ya pili akaona nimekula. Alikuwa ananitazama kule hospitali, anasema. Binti alikuwa analeta chakula kwenye vyombo na mimi navirudisha vimejaa. Shati linapepea. Alilala pale na mirija yake akihesabu mifupa ya shingo yangu. Ulikuwa unakwisha, alisema, na hakuna aliyekuwa anakupima.

Halafu tumefika nyumbani, akasema, nakusukumia sahani, unakula. Huonji, huhisi, lakini unakula. Nikasema basi, angalau mmoja.

Nikamwambia, mama, si mmoja. Anayepaswa kula ni wewe.

Akasema, mimi sina hamu ya kitu, kila kitu kina ladha ya chuma. Hamu niliyobakiwa nayo ni hiyo tu, kukuona wewe unameza.

Jogoo akawika. Saa kumi. Sote wawili tuliruka kidogo.


Ijumaa, 25 Julai

Nimempigia muuguzi wa kliniki, nikamweleza. Akasema, baba, nililiona pale kwenye mizani, nikashindwa nianzie wapi. Atamwambia daktari. Baadaye akarudisha simu: kamera isubiri, ila mizani haisubiri. Tarehe ni ile ile, tano Agosti. Akanishauri nisikae naye mezani. Ale peke yake.

Nimempigia binti pia. Akacheka. Kisha simu ikakatika, na aliporudi alisema mtandao.


Jumamosi, 26 Julai

Ale peke yake. Tumejaribu. Nilikaa sebuleni, nikamwacha na kisahani. Nilisikia kijiko mara mbili tatu. Niliporudi chakula kilikuwa kimepangwa upya, kimesogezwa ukingoni ili katikati paonekane peupe. Ujanja wa kidato cha kwanza. Nilimwambia hivyo. Akasema amefundishwa na mumewe mwalimu.

Saa saba nilikaa mezani bila sahani. Akasema hawezi kula mbele ya mtu mwenye njaa, ni aibu. Nikasema sina njaa. Akasema, ndilo hilo nasema.

Saa kumi nilikaa upande wa pili wa meza, mkabala naye, mkono usifike. Nilikula changu chote mbele yake, polepole, nikatafuna, nikamwonyesha sahani. Nimeshiba, tazama. Akaitazama sahani yangu muda mrefu. Akala robo tatu ya mtindi! Kisha akainuka kitini, mtu wa kidonda, akazunguka meza nzima kwa kushika ukingo, akaweka robo iliyobaki mbele yangu.


Jumapili, 27 Julai

Shemeji ameambiwa na binti. Alikuja na kamba ya kanga iliyochanika, akasema anataka kunifunga mikono kwenye kiti, kwa upendo. Mama akasema, jaribu uone. Walicheka wawili wale kama wasichana. Shemeji akajipangusa macho na akaniambia mlangoni, kwa sauti ya chini, shemeji, mlishe. Fanya unavyojua. Usieleze, mlishe.

Usiku wa leo nimeona tatizo liko wapi. Tatizo lenyewe nililijua tangu zamani, nililiandika ubaoni kila mwaka: mtu hali kwa tumbo tu. Kiasi na mara ngapi ni za tumbo. Nani yuko mezani ni jambo jingine, na halina kipimo cha gramu. Nilikuwa naliruka, halikuwa kwenye mtihani.

Milo mitatu kati ya sita leo ameila zaidi ya nusu. Mitatu hapana. Kwa hesabu hiyo tarehe tano itamkuta bado anashuka.


Jumatatu, 28 Julai

Saa nne asubuhi. Naandika mezani, mbele yake, jambo ambalo sijawahi kufanya. Shajara hii ilikuwa ya baada ya vyombo.

Sababu ni mkono. Nimegundua nikishika kalamu hauendi. Wa kushoto umeshika daftari lisiteleze. Sasa yote miwili ina kazi.

Nimerudi kukaa kuliani kwake, kama zamani. Changu nimemaliza, nikamwonyesha. Leo niliisikia chumvi, nikamwambia. Akaniuliza, kweli? Kweli. Imezidi. Akatikisa kichwa kama aliyepewa habari za mtu aliyesafiri.

Yake: yai limebaki nusu. Mkate wenye karanga umeumwa pembeni. Amesukuma sahani. Vidole viwili.

Naandika.

Anauliza, unaandika nini?

Nimemwambia, naandika kwamba nusu ya yai bado ipo.

Amesema, andika basi kwamba limepoa.

Nimeandika. Limepoa.

Amesema, na andika kwamba mume wangu ana roho ngumu. Nimeandika. Mume wake ana roho ngumu. Kalamu hii ina wino wa kutosha, nimemwambia, naweza kukaa hapa mpaka jogoo wa saa saba.

Siinui macho, nikimtazama atanipa. Sahani ipo karibu na kiwiko changu, naihisi bila kuiona. Jua limefika mezani. Naandika jua limefika mezani. Kuna nzi mmoja dirishani. Naandika nzi. Karatasi ina doa la maji hapa, halikuwepo, sijui limetoka wapi, nimelifuta kwa mkono wa shati, limerudi.

Mwalimu, amesema.

Naandika: Mwalimu.

Sahani imesogea. Nimeisikia ikikwaruza meza, ila sioni imesogea upande gani. Naandika tu. Kijiko kimegonga sahani mara moja — sijui kama amekitua au amechota — naandika, bado naandika